Parokia Yetu Ilianza Lini?

Mdogo wangu alipotaka kufunga ndoa Dar es Salaam, paroko wa huko alimtaka alete cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa, kisichozidi miezi sita. Akanipigia simu mimi niliyebaki nyumbani, huku mlimani Moshi vijijini. Nikaona ni kazi ya asubuhi moja. Kanisa alilobatiziwa linaonekana kutoka uani kwetu, ng'ambo ya korongo. Nikateremka, nikapanda, nikamkuta katibu wa parokia ofisini. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Nikamtajia jina na mwaka. Hakugusa hata daftari.

"Kaka, huyo hayuko kwetu. Mwaka huo hapa palikuwa kigango. Nenda misheni."

Kigango ni tawi la parokia, lisilo na padre wake. Kanisa ni lile lile, na altare haijahama. Lakini kwa mujibu wa vitabu mdogo wangu ni mtoto wa parokia nyingine, iliyo kilomita kadhaa juu, ambako siku ile ya ubatizo hakukanyaga mama yetu wala msimamizi wake.

Nikiwa juu ya bodaboda nikakumbuka ugomvi wa jubilei. Halmashauri ya parokia yetu iliagiza bango lenye idadi ya miaka, na mzee mmoja wa jumuiya yetu akagoma kulichangia. "Hiyo miaka mmeitoa wapi? Mimi nimefundishwa katekisimu hapa kabla baba zenu hawajaoa." Paroko akamjibu kwa upole kwamba parokia huhesabiwa tangu siku ya hati ya askofu. Mzee akasema yeye hajawahi kusali kwenye hati. Tulicheka. Hatukutambua kwamba wote wawili walisema kweli.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tukisema parokia tunaona kanisa, kengele, nyumba ya mapadre na uwanja wa kuegesha magari siku ya Krismasi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 515, haianzi na jengo hata kidogo. Inasema parokia ni jumuiya ya waamini iliyoundwa kwa kudumu ndani ya jimbo, ikakabidhiwa kwa paroko chini ya mamlaka ya askofu. Askofu peke yake ndiye anayeiunda, anayeifuta au kuibadilisha, tena baada ya kuwasikiliza mapadre wake katika halmashauri yao. Ikishaundwa inakuwa na nafsi mbele ya sheria: inamiliki mali kwa jina lake, ina muhuri wake, na ina vitabu vyake.

Kigango hakina nafsi hiyo. Kinaweza kuwa na kanisa kubwa kuliko la parokia, kwaya mbili na mwenyekiti mkali, lakini mbele ya sheria ni kiungo cha parokia, kama mkono ulivyo kwa mwili. Padre huja kwa zamu, pengine Jumapili moja au mbili kwa mwezi, na Jumapili zinazobaki katekista huongoza ibada. Chini ya kigango ziko jumuiya ndogo ndogo, zile za nyumba chache zinazosali pamoja alfajiri au jioni kwa zamu. Watu wengi huzidhani za kale, lakini ni miaka ya 1970 ndipo maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya nguzo ya uchungaji. Kwa hiyo bibi yangu alizaliwa, akabatizwa na kuolewa bila kuijua jumuiya, ilhali leo asiyehudhuria jumuiya hupata shida hata ya kubatiziwa mtoto.

Sasa turudi nyuma, kwa kuwa ngazi hii haikuteremshwa ikiwa kamili.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walikuwa wameshika Zanzibar tangu miaka ya 1860, na mwaka 1868 wakafungua misheni ya Bagamoyo. Kutoka pwani, mwaka 1890, Askofu Jean-Marie de Courmont, Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger walifunga safari hadi Kilimanjaro. Mangi Fumba, mtawala wa Kilema, akawapa ardhi, na hapo ndipo penye mzizi wa Kanisa Katoliki mlimani. Hata umri wa Kilema una utata. Vitabu vingine huandika 1890 na vingine 1891, kutegemea kama mwandishi anahesabu siku wageni walipopokewa au siku walipokaa. Jimbo la Moshi hushika 1890.

Kwa nini Kilema? Hapa mapadre hawana jibu kamili. Jibu walikuwa nalo wamangi. Mlima wa wakati huo ulikuwa umegawanyika katika nchi ndogo ndogo, kila moja na mangi wake, na korongo lilikuwa mpaka hasa. Mgeni hakukaa pasipo mangi kumkatia kiwanja, na mangi hakumkatia kiwanja mgeni kwa kupenda mahubiri tu. Alitazama jirani yake ana nani. Kilema walishamwona Johannes Rebmann mwaka 1848, kwa hiyo Mzungu mwenye kitabu hakuwa kioja kwao. Moshi, kwa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari la Uingereza, walikuwapo tangu 1885. Wajerumani waliipiga Kibosho ya Mangi Sina mwaka 1891. Mwaka uliofuata majeshi ya Mangi Meli, mwana wa Rindi, yakawashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, von Bülow. Wakoloni wakawashuku Waanglikana kuwa upande wa Meli, nao wakaondoka. Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig, shirika la wamisionari la Ujerumani, wakaingia Machame, na mwaka huo huo mapadre wakafungua Kibosho. Rombo ikafuata mwaka 1898.

Ukizunguka leo barabara za mlimani utaona matokeo yake bila kuhitaji mwanahistoria. Machame Walutheri, Kibosho Wakatoliki. Moshi ya Kale Walutheri, Uru Wakatoliki. Kilema Wakatoliki, Mamba na Marangu Walutheri. Ukivuka korongo salamu inageuka kutoka Tumsifu Yesu Kristo kuwa Bwana asifiwe. Mistari hiyo haikuchorwa Roma wala Leipzig. Ni mipaka ya wamangi, iliyovikwa madhehebu, na ikadumu kuliko umangi wenyewe. Siku hizi vijana wanaoana juu yake kila wiki, na wazazi wanasumbuana wiki tatu tu kabla ya kukubali.

Misheni hizo za mwanzo hazikuwa parokia. Jambo hili huwashangaza hata wazee wa Kilema. Kwa miongo sita ya kwanza hapakuwa na jimbo mlimani. Kilema ilikuwa chini ya vikarieti ya pwani, yenye makao Zanzibar na baadaye Bagamoyo, kisha tarehe 13 Septemba 1910 ikaundwa Vikarieti ya Kilimanjaro chini ya Askofu Alois Munsch. Vikarieti ni eneo la umisioni linaloongozwa kwa niaba ya Papa, kabla Kanisa la mahali halijahesabiwa kuwa limekomaa. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilisema vipande vya vikarieti viitwe kwasi-parokia, yaani kama parokia, lakini bado. Ilipofika tarehe 25 Machi 1953, Papa Pius wa Kumi na Mbili akaisimika hierakia ya Tanganyika, yaani mpango kamili wa majimbo yenye maaskofu wake, na Vikarieti ya Kilimanjaro ikawa Jimbo la Moshi. Ukitaka kuwa mshika sheria hasa, parokia zote kongwe za Kilimanjaro zina umri mmoja. Sijaona mtu aliyethubutu kuliandika hilo kwenye bango.

Watu waliendelea kusema misheni, na mpaka leo katibu aliponiambia "nenda misheni" nilijua ananipeleka wapi. Neno limekuwa cheo cha heshima cha parokia mama.

Lakini misheni moja yenye mapadre wawili au watatu ilifikaje kwenye kila mgongo wa mlima? Kwa walimu. Mapadre wa kwanza walikuja na Wakristo waliolelewa Bagamoyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya Wakatoliki wa mlimani kusali kwa Kiswahili mapema, wakati majirani zao Walutheri walikuwa wakitia bidii kubwa katika Kichaga. Baada ya muda mfupi wakafundishwa vijana wa papa hapa, wakatawanywa: wewe nenda kwa fulani, wewe ng'ambo ya mto. Mwalimu alipewa ukingo wa kihamba cha mtu, yaani shamba la migomba la ukoo, au kiwanja cha mangi. Nguzo, udongo, majani makavu ya migomba juu, kipande cha chuma kikaning'inizwa mtini kiwe kengele. Jumatatu hadi Ijumaa ni shule, Jumapili ni kanisa. Hicho ndicho kigango.

Padre alipita mara chache kwa mwaka, kwa miguu au juu ya mnyama, akawahoji waliokuwa wakifundishwa, akabatiza, akabariki ndoa, akaungamisha hadi usiku, akaondoka. Siku zote zilizobaki Kanisa lilikuwa ni mwalimu. Alizika. Alipatanisha mke na mume. Mtoto mchanga akiwa mahututi usiku, ni yeye aliyemwagia maji na kutamka maneno, kwa kuwa katika hatari ya kufa sheria inamruhusu mtu yeyote kubatiza, kisha akapeleka taarifa misheni siku aliyopata nafasi. Mshahara wake ulikuwa mdogo hata kwa viwango vya siku zile. Ukisoma kijitabu cha jubilei utakuta picha za maparoko wote kwa mfuatano, kila mmoja na miaka yake, na mwishoni sentensi moja inayowashukuru "makatekista wetu". Mzee aliyegoma kuchangia bango alikuwa mtoto wa mwalimu wa namna hiyo. Mimi nilikuja kulijua hilo baadaye, na nikaona haya kidogo.

Shule hizo zilikua. Mwaka 1928 Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwataka wamisionari wa Tanganyika washirikiane kwa nguvu na serikali ya kikoloni katika elimu, na vibanda vya vigango vikaanza kugeuka shule zenye wakaguzi na ruzuku. Kisha ikaja sheria ya elimu ya 1969, na shule za madhehebu zikataifishwa. Kwa hiyo, ukipita popote Kilimanjaro ukakuta shule ya msingi ya serikali imepakana na kanisa, pengine ua mmoja na bomba moja la maji, usidhani ni bahati. Uliza ni kipi kilitangulia. Mara nyingi utaambiwa vilikuwa kimoja.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilitikisa mambo kwa namna ya ajabu. Wajerumani walitolewa Moshi Machi 1916, na mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig wakafukuzwa kwa kuwa ni raia wa adui. Kwa upande wa Wakatoliki, mapadre kadhaa walitoka Alsace, jimbo lililokuwa la Ujerumani kabla ya vita na la Ufaransa baada yake. Mpaka ulihama, wao wakabaki. Askofu Munsch, mtu wa Alsace, aliongoza hadi 1922. Akafuata Henry Gogarty kutoka Ireland, kisha Joseph Byrne kuanzia 1932, na Wamarekani wa shirika lile lile wakaongezeka. Mwaka 1931 likaanza Huruma, Rombo, shirika la Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro, ambao leo huwezi kuzungumzia hospitali wala shule mlimani bila kuwataja. Mwaka 1960 Joseph Kilasara akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Moshi.

Na kahawa. Mapadre wa Kilema walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda mlimani, na wakulima walipoungana, kwanza mwaka 1925 na kisha katika KNCU, chama chao cha ushirika, mwaka 1933, fedha ikaingia mikononi mwa watu wa kawaida. Makanisa ya mawe yaliyochukua nafasi ya vibanda vya udongo, kwa sehemu kubwa, yametoka kwenye mbuni. Kahawa ilitoa saruji na bati, na mawe yalitoka mtoni kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila mtu na jiwe lake kichwani.

Hapo tunafika kwenye jambo linalochochea ugomvi: kigango kinakuwaje parokia? Mimi huufananisha na mgomba. Mama ana machipukizi pembeni, na mkulima mwenye akili anajua lini alitenge chipukizi na lini ni mapema mno. Likitengwa mapema linakauka. Likiachwa sana linambana mama. Tofauti ni kwamba mgomba mama hukatwa ukishazaa, na parokia mama haikatwi. Inabaki na vitabu.

Waamini huomba. Askofu hutazama idadi yao, umbali, na kama wana uwezo wa kuwatunza mapadre. Ndiyo sababu utakuta kigango kinajenga nyumba ya mapadre kabla hakijamaliza kanisa, jambo linalowashangaza wageni. Kikikaribia huitwa parokia teule, padre akaanza kukaa au kuja mara kwa mara, na vigango vya jirani vikapangwa kuwa chini yake. Hapa ndipo pagumu. Vigango viwili vyenye nguvu sawa vinapigania kuwa makao makuu, na kinachoshindwa hukaa na kinyongo hata miaka kumi. Parokia mama nayo inanuna kimya kimya, kwa sababu kigango kikubwa kikiondoka kinaondoka na sadaka, zaka na mavuno yake. Hutasikia hilo likisemwa kwenye Misa ya uzinduzi. Lisikilize kwenye mbege, baada ya Misa.

Jiografia inasukuma upande wake. Misheni kongwe ziko juu, kwenye migomba na baridi. Vihamba viligawanywa kwa wana mpaka vikawa vipande, watu wakateremka tambarare, kuelekea Himo, Njia Panda na Kahe, au wakaenda mijini moja kwa moja. Parokia za chini ni changa na zimejaa. Baadhi ya makanisa ya juu yana viti vitupu kuanzia Januari hadi Novemba, kisha Desemba wana wa Dar wakirudi hakuna pa kusimama, na harambee ya wiki moja huezeka paa zima.

Arusha ni hadithi nyingine, na nitaipita haraka. Ilikatwa kutoka Moshi tarehe 1 Machi 1963, chini ya Askofu Dennis Durning, Mmarekani. Mwaka huo huo Same nayo ikatengwa kutoka Moshi. Huko Umasaini kigango hakisubiri korongo wala kihamba. Kinafuata maji na boma, na kwa muda mrefu kimeweza kuwa mti tu. Kinachonifurahisha ni kilichotokea tarehe 16 Machi 1999: Arusha ikafanywa jimbo kuu, na Moshi, mama yake, ikawekwa katika kanda yake. Mwaka 2017 Isaac Amani aliyekuwa askofu wa Moshi akateuliwa kuwa askofu mkuu wa Arusha. Kwa hiyo anayedhani kwamba ukongwe ndio unaotoa cheo aanzie hapo.

Bodaboda ilinifikisha misheni saa nne na nusu. Katibu wa pale, mama mtu mzima, alinisikiliza, akaingia chumba cha ndani, akatoka na kitabu kizito chenye jalada lililopasuka. Kanuni ya 535 inazitaka parokia zote zitunze vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kitabu cha ubatizo ndicho mfalme, kwa sababu mengine yote hurudi kuandikwa pembeni mwake: kipaimara, ndoa, upadre, nadhiri za usista. Ndiyo maana paroko wa Dar hakuridhika na kile cheti cha zamani kilichotunzwa kabatini. Alitaka kujua pembeni pa jina pameandikwa nini tangu hapo.

Tulitafuta dakika arobaini. Kwa herufi j hakuwapo. Kwa g tukampata, jina la baba likiwa limekosa herufi mbili na ukoo haukuandikwa kabisa. Mama yule akacheka: "Hapa ukitafuta mtu mtafute kwa sikio, si kwa macho. Mapadre wa zamani waliandika walivyosikia."

Alipokuwa anaandika cheti, nikaomba ruhusa ya kutazama. Kila mstari una namba, jina, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, wazazi, msimamizi, mbatizaji. Na kuna nafasi nyembamba ya mahali, ambamo mstari baada ya mstari limeandikwa jina la kigango. Kigango chetu kilikuwa pale, kwa mwandiko wa mapadre watatu tofauti. Nikamuuliza mama kama vitabu vya nyuma vipo. Akanionyesha rafu. Nikarudi kitabu kimoja, kisha kingine, mpaka wino ukawa wa kahawia na majina yakawa kwa Kilatini, Aloysius na Pelagia, na bado jina la kigango chetu lilikuwa likitokea katika nafasi ile nyembamba. Mara ya kwanza lilipotokea ilikuwa miaka mingi kabla ya mwaka wa bango, na mbatizaji hakuwa padre. Mbele ya jina lake paliandikwa neno moja: mwalimu. Jina lenyewe lilikuwa la baba wa yule mzee.

Nilipiga picha ukurasa ule kwa ruhusa ya paroko. Cheti nikakituma Dar kwa basi la usiku, na picha nikampelekea mzee jioni ile ile. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniomba nimsomee tarehe mara mbili, kisha akauliza kama bango bado lipo au wameshalitupa.